Kadi za Benki: Ipi ni Mali Yako na Ipi ni Deni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu Waislamu, mwezi uliopita katika darsa yetu ya baada ya Magharibi huko Ruiru, alisimama fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akauliza suala lililowafanya baadhi ya waliohudhuria wacheke. Alisema: "Sheikh, mimi nina kadi tatu mfukoni. Zote zinaingia katika mashini moja, na zote zinatoa noti zile zile. Ipi katika hizi ni haramu?" Nikamjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu sisi tuliozoea kuulizwa, ya kuwa yenye riba ni haramu na isiyo na riba ni halali. Akaniangalia kwa adabu, akasema: "Hilo nalijua, Sheikh. Nilikuwa naomba nionyeshwe." Akazitoa zote tatu, akaziweka juu ya mkeka mbele yangu. Nami, ndugu zangu, nikazitazama nikaona kuwa siwezi kumuonyesha.

Nilirejea nyumbani Thika usiku ule nikiwa kimya ndani ya matatu, kwani lile neno lake, "nionyeshwe", lilikuwa limenikaa moyoni. Nilipofika nikatoa kadi yangu mwenyewe. Ni kadi niliyopewa miaka miwili iliyopita na benki moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao. Kijana mmoja mwenye maneno mazuri alinifuata nilipokuwa nikingoja zamu yangu, akaniambia kuwa mteja wa siku nyingi kama mimi anastahiki kupewa kadi iliyo bora zaidi. Akaniletea karatasi nne zilizochapishwa kwa herufi ndogo za Kiingereza, akanionyesha mahali pa kutia sahihi, nami nikatia. Mimi niliyesoma mlango wa biashara mbele ya masheikh tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na nikawasomesha watu kuwa mkataba hausihi mpaka kijulikane kinachouzwa na ijulikane bei yake, nilitia sahihi nikiwa nimesimama wima, na kalamu yenyewe ya kuazima!

Nikaitumia kadi ile kulipia mafuta ya pikipiki ya madrasa, na mara nyingine kulipia vitabu, nikidhani kuwa natoa katika akiba yangu. Usiku ule ndipo nilipofungua zile hesabu ambazo benki huniletea kila mwezi kwa barua pepe, ambazo sikuwa nikizisoma. Nikaona mstari mmoja, wa mwezi wa Ramadhani, uliosema kuwa nimetozwa shilingi 640 kwa kuchelewa kulipa. Kuchelewa kulipa nini? Kulipa deni. Kumbe muda wote ule nilikuwa nakopa, na zile shilingi 640 ni riba, na mimi ndiye niliyeitoa, katika mwezi ambao kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nikisomesha tafsiri ya Sura ya Al-Baqara.

Naona haya kuyaandika haya, lakini naona haya zaidi kuyaficha, kwani najua kuwa miongoni mwenu wamo wengi waliotia sahihi kama nilivyotia mimi. Basi na tuyatazame mambo haya kama inavyotakikana.

Kadi yenyewe ni kipande cha plastiki, na hukumu ya sharia haishikani na plastiki. Inashikana na suala moja: pesa zinapotoka, ni nani anayemdai mwenziwe? Mwenye kulijua hilo amekwisha ijua nusu ya mas'ala, na nusu iliyobaki ni kusoma karatasi.

Mtu anapopeleka pesa zake benki husema kuwa ameziweka amana. Katika maneno ya kila siku hapana ubaya kusema hivyo, lakini katika fiqhi neno hilo halikukaa mahali pake. Amana ni kitu unachompa mtu akutunzie kile kile, asikitumie, na kikiharibika bila ya uzembe wake hakudhamini. Benki haifanyi hivyo. Huzichanganya pesa zako na za wenzio, huzitumia katika shughuli zake, na ni lazima ikurejeshee kiasi kile kile vyovyote itakavyokuwa. Hiyo ni karadha. Na hivi ndivyo lilivyokata shauri Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, katika kikao chake cha 9 kilichofanywa Abu Dhabi mwaka 1995: ya kuwa pesa zilizomo katika hesabu za kawaida, ambazo mwenyewe anaweza kuzitoa wakati wowote, ni karadha ambayo yeye ameikopesha benki, iwe benki hiyo ni ya Kiislamu au ni ya riba.

Zingatia maana yake, ewe msomaji. Kijana anayefanya kazi kiwandani hapa Thika, ambaye mshahara wake umeingia benki mwisho wa mwezi, anapopita mbele ya lile jengo lenye vioo na askari mlangoni, hujiona mdogo. Na hali kwa sharia yeye ndiye mdai, na jengo lile ndilo linalodaiwa! Akienda kwenye mashini ya kutoa pesa anakwenda kuchukua haki yake. Mashini hizi, ambazo Barclays waliifungua ya kwao huko Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, kisha zikaenea duniani kote, ni karani aliyefanywa kwa chuma. Kukaa mbele yake hakuna dhambi yoyote. Na zile shilingi chache unazokatwa kila unapotoa ni ujira wa kazi, yaani umeme, ulinzi na kujaza noti, na ujira unaojulikana ni halali. Ila mwenye kutoa shilingi mia tano mara tano kwa juma moja, akalipa ujira mara tano, huyo simwambii kuwa amefanya haramu. Namwambia kuwa hesabu imemshinda.

Ninapotaja mashini nakumbuka jambo jingine, nalo si la riba bali ni la amana iliyo ya kweli. Mwisho wa mwezi, hapa Thika na huko Ruiru, utaona foleni mbele ya mashini, na ndani ya foleni ile shosho mmoja ambaye macho hayaoni vyema, ameshika kadi na kikaratasi chenye namba ya siri. Humpa kijana yeyote aliye karibu, akamwambia: "Mwanangu, nisaidie." Vijana wengine humsaidia, wengine humwibia, na wako ambao hubadilisha kadi wakamrudishia nyingine inayofanana na yake. Enyi vijana wa darsa, mwenye kupewa namba ya siri ya mtu amebeba amana kubwa kuliko pesa zilizomo. Mpeleke bibi huyo ndani kwa karani, na kama mashini haina budi, msomee kwa sauti ndogo, mpe noti zake azihesabu mwenyewe, mrudishie kadi mkononi, kisha uisahau ile namba. Nanyi mlio na mama zenu wazee, aibu iliyoje kuwaacha wakatafute mtoto wa kupanga foleni!

Turejee katika mas'ala. Ikiwa wewe umeikopesha benki, na benki ikakurudishia kiasi chako na nyongeza juu yake iliyoshurutishwa, nyongeza hiyo ni riba, nawe ndiye mlaji wake. Hii ndiyo khabari ya hesabu za akiba katika benki za kawaida. Watu wengi wanaikimbia kadi ya mkopo huku wakila faida ya akiba bila ya kuhisi lolote, kwa kuwa huingia pole pole na ni kidogo. Mwenye hesabu ya namna hiyo na aihamishe iwe ya kawaida isiyo na faida. Na kilichokwisha kuingia, asikile, wala asikihisabu kuwa ni sadaka yake wala zaka yake. Akitoe katika maslaha ya watu, kwa nia ya kujitoa katika uchafu.

Sasa kadi ya pili, ile ya kulipia dukani kutoka katika hesabu yako mwenyewe. Mwenye duka huiingiza katika kijimashini chake, nawe hubonyeza namba ya siri, na pesa hutoka kwako wakati ule ule. Kifiqhi hii inakaribiana sana na hawala: wewe unaidai benki, na mwenye duka anakudai wewe, basi unaielekeza benki imlipe yeye badala ya kukulipa wewe. Babu zetu walifanya hivi baina ya Mombasa, Zanzibar na Maskati kwa barua tu. Hapana riba hapa, kwa sababu hapana mkopo mpya wala nyongeza ya muda. Hata dhahabu ya mahari, ambayo sharti yake ni kukabidhiana hapo hapo, maulamaa wamejuzisha kuinunua kwa kadi ya namna hii, kwa kuwa kukatwa kwa pesa ni kama kukabidhi.

Lakini angalia, kuna mlango wa nyuma. Benki nyingine huifungamanisha kadi hii na ruhusa ya kutoa zaidi ya ulicho nacho. Una shilingi 2,000, unanunua vitu vya shilingi 3,500, na mashini haikatai. Mpaka shilingi ya 2,000 wewe ulikuwa mdai. Kuanzia shilingi ya 2,001 umekuwa mdaiwa, na hakuna kengele iliyolia kukujulisha. Kadi ni ile ile, mkono ni ule ule, na hukumu imegeuka baina ya shilingi moja na ya pili.

Na hapa yanipasa niseme juu ya simu, kwani kwa watu wetu wengi simu ndiyo kadi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mtu wa Ruiru anaweza kupitisha mwaka mzima bila ya kuingia benki. Kutuma na kutoa kwa ujira unaojulikana ni mambo ya halali, na ni neema. Mwezi wa Januari 2019 ikaja Fuliza, nayo ni ule mlango wa nyuma niliousema, uliowekwa ndani ya simu: pesa zikikupungukia wakati wa kulipa, unakopeshwa zilizopungua. Watu huniambia, "Sheikh, ile si riba, ni ada." Basi na tuhesabu. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2022, mwenye kukopa shilingi 1,000 hukatwa kwanza asilimia 1, yaani shilingi 10. Siku tatu za mwanzo hazina malipo ya siku. Kisha hulipa shilingi 6 kila siku. Akikaa nayo siku 30, hizo siku 27 ni shilingi 162, na jumla ni shilingi 172, mbali na ushuru wa serikali. Amechukua 1,000 na amerudisha 1,172. Ujira wa kazi hulipwa mara moja kwa kazi iliyofanywa. Malipo yanayokua kila jua linapochomoza, kwa sababu tu deni halijalipwa, ni bei ya muda, na bei ya muda juu ya deni ndiyo ile riba ya majahilia iliyoteremshiwa Qur'ani kuiharimisha. Kuibadilisha jina hakuibadilishi. Mwenye kuwa nayo katika simu yake anaweza kujitoa akishalipa anachodaiwa, na naona ni wajibu ajitoe.

Sasa tuifikie kadi ya tatu, ile iliyonikamata mimi. Hii haikutazami una kiasi gani. Benki imekuwekea mpaka, tuseme shilingi 50,000, na kila ununuapo benki humlipa mwenye duka kwa mali yake yenyewe, nawe unakuwa mdaiwa wake kuanzia saa ile. Hukupa muda wa wiki kadhaa. Ukilipa deni lote ndani ya muda huo hulipi nyongeza. Usipolipa lote, nyongeza inaanza. Wala benki haikuombi ulipe lote. Inakuandikia kiasi kidogo, inakuambia kuwa hicho kinatosha kwa mwezi huu, na masikini hufurahi akidhani amehurumiwa. Tuseme unadaiwa shilingi 20,000, na nyongeza ni asilimia 3.5 kwa mwezi, nawe ukalipa zile 2,000 ulizoambiwa zinatosha. Katika hizo, 700 zimekwenda katika riba, na deni limepungua kwa 1,300 tu. Na asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa mwaka ni 42. Ama mwenye kuitia kadi hii katika mashini akatoa noti, mara nyingi hapewi hata ule muda wa bure: hutozwa asilimia ya alichotoa, na nyongeza huanza siku ile ile. Basi fundi wetu alikosea kidogo aliposema kuwa zote zinatoa noti zile zile. Wino ni mmoja, lakini noti za kadi hii zimezaliwa na deni.

Wako watakaosema, na wamekwisha niambia: "Mimi nalipa kabla ya siku kufika. Sijalipa riba hata senti moja. Kosa langu liko wapi?" Hili ni suala la watu wenye akili na haifai kulijibu kwa ukali. Baraza lile lile la Fiqhi lililitazama katika kikao chake cha 12, kilichofanywa Riyadh mwezi wa Septemba 2000, likaamua kuwa haijuzu kutoa kadi ya mkopo isiyokuwa na salio la mwenyewe nyuma yake, wala kuitumia, ikiwa imeshurutishwa humo nyongeza ya riba, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya muda wa bure. Na likaamua pia kuwa ikiwa sharti hilo halimo, kadi inajuzu. Na kuwa benki inaweza kuchukua ada ya kuitoa na ya kuitengeneza upya, kwa kadiri ya kazi. Sababu iko wazi kwa mwenye kufikiri. Kutia sahihi ni kusema: "Nikichelewa, nimekubali kutoa riba." Mtu hawezi kuikubali haramu kwa kalamu huku akiikataa kwa nia. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, kama alivyopokea Jabir katika Sahihi Muslim, hakumlaani mlaji wa riba peke yake. Aliwajumuisha na mtoaji, na mwandishi, na mashahidi wawili, akasema kuwa wao ni sawa. Mwandishi hajala kitu, na shahidi hajala kitu. Basi vipi mwenye kutia sahihi?

Siwafichi kuwa wako maulamaa wa zama hizi waliolegeza kwa mwenye haja ya kweli na yakini ya kulipa kwa wakati, khasa kwa Waislamu wa nchi ambazo hakuna njia nyingine. Nawaheshimu, wala simtukani mwenye kuwafuata. Lakini naona haja hiyo hapa kwetu haiko. Tikiti ya ndege, hoteli ya Makka kwa mwenye kwenda Umra, kitabu kutoka ng'ambo, vyote hulipwa kwa kadi ya hesabu yako mwenyewe yenye alama ya Visa au Mastercard. Na yakini ya kulipa kwa wakati, mimi nilikuwa nayo, na shilingi 640 zikanikuta.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema haramu na halali, na mtu anaweza kuifunga sahifa hii akasema: "Sheikh amesema kweli", kisha akafika nyumbani akamkuta mtoto amefukuzwa shule kwa karo, akaifungua simu akakopa. Yatupasa tujitazame. Mwaka jana tulimtumia mama mmoja mjane wa Kiandutu shilingi 3,000 za zaka kwa simu. Zilipofika zikamezwa zote na mkopo wa simu aliokuwa nao, asipate hata ya unga. Akanipigia kunishukuru, naye analia, na sikuelewa analilia nini mpaka alipoeleza. Nilipouliza kwa nini alikopa, akasema alikuwa ameomba shilingi 1,500 kwa Waislamu watatu, na kila mmoja alimwambia asubiri. Mkopo wa simu haukumwambia asubiri.

Mwezi ule ule, katika mtaa wetu, ilifanywa harusi ambayo hema lake peke yake, kwa walivyosema wenyewe, liligharimu zaidi ya shilingi 60,000. Simtaji mtu, na harusi ni jambo jema. Nasema tu kuwa pesa ziko. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, baada ya kuitangazia vita riba, akaamrisha hapo hapo mdaiwa aliyedhikika angojwe mpaka apate wasaa, na akajulisha kuwa kumsamehe ni bora. Hatuwezi kuchukua nusu ya maneno hayo tukamsomea masikini, na nusu nyingine tukaikunja.

Wengine watasema: "Lakini sisi tuna chama." Ndiyo, na chama ambacho watu kumi hutoa elfu moja moja kila mwezi, na kila mwezi mmoja akapokea elfu kumi, ni karadha njema baina ya wenzi, na Mungu akibariki. Lakini vipo vyama vya meza, ambavyo mwanachama hukopeshwa kutoka katika sanduku na kurudisha na asilimia kumi juu yake, kisha mwisho wa mwaka faida ikagawanywa. Dada zetu wa Ruiru waliniuliza juu ya hili, nami najua kuwa hawatalipenda jibu. Hiyo ni riba kama ya benki, na ubaya zaidi ni kuwa anayeila ni jirani yako. Kama sanduku lina pesa za kutosha, linunue bidhaa liuze kwa faida inayojulikana, au liingie ubia katika biashara ya mmoja wenu, faida na hasara iwe ya wote. Biashara imehalalishwa; tunaacha mlango uliofunguliwa tukapanda dirishani.

Na juu ya benki za Kiislamu, sheria ya mabenki ilirekebishwa hapa Kenya mwaka 2006 ili kuwapa nafasi, na mwaka 2008 zikafunguliwa Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa Premier Bank. Mwenye kuweza kuhamia huko na ahamie. Lakini hata huko, soma. Jina la Kiarabu mlangoni halijaondoa wajibu wa kuuliza: mkataba huu ni wa nini, kinachouzwa ni kipi, nikichelewa ninatozwa nini na pesa hizo zinakwenda wapi? Wao wenyewe watakuheshimu zaidi ukiuliza. Na mwenye kulazimishwa na tajiri wake kupokea mshahara katika benki ya kawaida, hana dhambi. Afungue hesabu isiyo na faida, akatae ruhusa ya kutoa zaidi, na ashike kadi ya kutolea na kulipia basi.

Nilirudi katika ile benki. Safari ya kwanza niliambiwa mhusika hayupo. Ya pili nikaambiwa kuwa nikiifunga kadi nitajuta, kwani mpaka wangu ulikuwa uko karibu kupandishwa! Ya tatu nikalipa kilichobaki, nikaomba barua ya kuthibitisha kuwa kadi imefungwa na kuwa sidaiwi kitu, nikaikata mbele ya karani kwa mkasi wake. Kuikata peke yake hakutoshi, kwani mkataba unaishi hata kadi ikifa. Barua ndiyo inayofunga. Zile 640 nimezitubia, na Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe.

Na yule fundi? Alhamisi iliyofuata nilimwambia alete karatasi badala ya kadi. Tulikaa baada ya Isha, yeye, mimi na mwalimu mmoja anayekijua Kiingereza cha sheria, mpaka karibu saa nne ya usiku. Kadi ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa ya hesabu yake mwenyewe, lakini ule mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mwenyewe hakujua kuwa uko. Ya tatu ilikuwa ndugu ya ile yangu, nayo ina deni la shilingi 14,200 alilonunulia mashini ya kuchomelea. Tukahesabu kuwa akilipa kile kidogo anachoombwa kila mwezi, deni litamfuata zaidi ya mwaka. Palepale watu wanne wa darsa wakachanga wakamkopesha zote, kwa kuandikiana mbele ya mashahidi wawili kama tulivyoamrishwa, na yeye atatulipa shilingi 1,500 kila mwezi bila ya nyongeza. Amekwisha lipa mara moja.

Kuanzia mwezi ujao, Alhamisi ya kwanza Ruiru na Alhamisi ya pili Thika, baada ya Isha, kila mwenye karatasi ya benki, ya chama au ya mkopo wa simu asiyoielewa na aje nayo. Aiache kadi nyumbani, na namba ya siri asimtajie mtu yeyote, hata mimi. Na mwenye uwezo wa kuweka chochote katika sanduku la karadha, daftari liko kwa mwalimu, na kila jina na kila kiasi kinaandikwa humo.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.